Jibu kwa ndugu wawili wanaobishana juu ya Bob Dylan

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana tangu tulipotazama ile filamu ya maisha ya Bob Dylan, A Complete Unknown. Kaka anasema hakuna mtunzi wa nyimbo aliyemzidi. Mimi nikisikiliza nyimbo zenyewe nasikia mtu anayeimba puani, nusu anaongea, na kinanda cha mdomo kinachokwaruza masikio. Nimesoma pia kwamba nyimbo zake nyingi alizichota kwa wengine. Sasa mtu huyu alipewaje Nobeli ya Fasihi mwaka 2016, mwaka ambao sisi tulikuwa tunamsubiri Ngũgĩ? Kaka ananiambia sina sikio. Tuamue." Msomaji, Tanga.

Marahaba mwanangu. Kaka yako asikutishe, sikio unalo. Pua uliyoisikia ipo, kinanda kinakwaruza kweli, na habari za kuchota si uzushi. Hata hivyo mimi nasimama upande wa kaka yako. Namwona Dylan ni mtunzi mkubwa, na karibu kila shtaka ulilomfungulia ni la haki. Nimefundisha fasihi simulizi kwa miaka mingi na nimezisikiliza nyimbo za mtu huyu tangu enzi za kanda, na sijawahi kuona sababu ya kulificha moja kati ya hayo mawili ili jingine lipendeze.

Nadhani mnagombana kwa sababu kila mmoja ameshika mizani isiyo yake. Wewe unampima kama mwimbaji, mtu wa kupanda na kushuka kwa sauti tamu. Kaka, nadhani, anampima kama mshairi wa kitabuni, na ndiyo maana anakutumia mistari kwenye simu. Ukimweka jukwaani pamoja na waimbaji kama Sam Cooke au Mavis Staples, Dylan hana sauti. Ukimchapa kwenye karatasi, nusu ya mistari yake inalala, na mingine haina hata maana ya kueleweka. Ufundi wake uko katika kutamka: neno gani liangukie pigo gani, pumzi ikatwe wapi, silabi ipi ivutwe mpaka msikilizaji akose raha. Ni ufundi wa mghani. Wewe ni mtu wa Tanga, umesikia shairi linavyoghaniwa, unajua kwamba mghani mwenye sauti kavu anaweza kuwaliza watu na mwenye sauti nzuri akawalaza.

Hiyo pua nayo ina asili yake. Robert Allen Zimmerman alizaliwa Duluth, Minnesota, Mei 24, 1941, akakulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma karibu na mpaka wa Kanada. Alipoingia New York Januari 1961 alikuwa na miaka 19 na alikuwa amemezwa kabisa na Woody Guthrie, mwimbaji wa Oklahoma aliyeimba habari za wakulima waliofukuzwa na ukame. Alimwiga mavazi, matamshi, mpaka namna ya kusimama. Guthrie mwenyewe alikuwa mgonjwa, amelazwa hospitali huko New Jersey, na kijana alikwenda kumwimbia nyimbo zake. Katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1962, nyimbo alizotunga mwenyewe ni mbili tu. Zilizobaki ni za jadi na za wengine, na anaziimba kama mzee aliyechoka kutembea, ilhali ana miaka 20. Sauti ile, kwa hiyo, ilichaguliwa. Ushahidi ulio wazi ni albamu ya 1969 aliyorekodi Nashville. Humo anaimba kwa sauti laini, nzito, iliyotulia, na watu walionunua santuri walidhani wameuziwa ya mtu mwingine. Kumbe alikuwa anaweza. Basi mtu anayeweza kuimba kwa ulaini akachagua kukwaruza, inabidi tuulize anakwaruza kwa ajili ya nini.

Nikupe wimbo mmoja badala ya sifa mia. Unaitwa "The Lonesome Death of Hattie Carroll", na aliurekodi Oktoba 23, 1963, akiwa na miaka 22.

Kisa ni cha kweli. Usiku wa kuamkia Februari 9, 1963, katika hoteli ya Emerson mjini Baltimore, kulikuwa na dansi ya matajiri. William Zantzinger, kijana wa miaka 24 mwenye shamba la tumbaku, alikuwa amelewa na ana bakora mkononi. Akawa anawapiga nayo wahudumu. Hattie Carroll, mama wa miaka 51 aliyekuwa akihudumia pale, alichelewa kidogo kumletea kinywaji, na Zantzinger akamtukana na kumpiga. Mama yule alianguka, akapelekwa hospitali, akafa asubuhi kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Mahakama ilimtia Zantzinger hatiani kwa kuua bila kukusudia na Agosti 28 mwaka huohuo ikampa kifungo cha miezi sita. Tarehe hiyo ndiyo ya maandamano makubwa ya Washington, alipohutubia Martin Luther King, na Dylan mwenyewe alikuwepo akaimba.

Sasa angalia alivyotunga. Mstari wa kwanza kabisa unamtaja muuaji na aliyeuawa. Kisa chote umeshapewa, hakuna cha kukuweka roho juu. Ubeti wa pili unaeleza utajiri wa muuaji: shamba, wazazi, jamaa zake wenye vyeo katika siasa za Maryland. Ubeti wa tatu unamweleza mama. Humo anafanya jambo ambalo fundi yeyote wa ushairi wa Kiswahili angemrudishia mwanafunzi: anafunga mistari mitatu mfululizo kwa neno lilelile, meza. Mama hakuwahi kukaa kwenye kichwa cha meza, hakuzungumza na watu wa mezani, aliondoa tu mabaki ya chakula mezani. Kwetu kurudia neno lilelile kuwa kina ni udhaifu, mtunzi ameishiwa. Hapa udhaifu huo ndio unaobeba maana. Kila mstari ukitaka kusonga mbele unarudi kwenye ile meza, kama mama mwenyewe alivyorudi kwenye ile meza miaka yote na asikae. Ukiusoma kwenye karatasi unaweza kupita. Ukimsikia akiutamka, kwa sauti ileile unayoiita ya puani, isiyotaka kukufurahisha, huwezi kupita. Sauti tamu ingeuharibu. Sauti tamu ingekuambia sikitika sasa, na yeye kila mwisho wa ubeti anakukataza kusikitika. Kibwagizo kinawaambia wenye kupenda kufalsafia aibu waondoe vitambaa usoni, wakati wa machozi bado.

Ubeti wa mwisho ni wa mahakama. Hakimu anapiga nyundo yake, anaonyesha kwamba sheria ni moja kwa wote, kwamba wakubwa nao hushikwa, anamkazia macho mtu aliyeua bila sababu, anasema kwa sauti nzito yenye heshima zote. Sentensi inazidi kurefuka, mstari juu ya mstari, na wewe unashika pumzi pamoja naye. Ndipo inaanguka: miezi sita. Hakuna neno la hasira baada yake. Kibwagizo tu kinageuka, sasa kitambaa kirudi usoni, sasa ndio wakati wa kulia. Kilichotakiwa kukuliza si kifo, ni hukumu. Na katika wimbo mzima hasemi hata mara moja kwamba Hattie Carroll alikuwa mweusi na Zantzinger mweupe. Anajua umeshajua, na anajua ulivyojua.

Wazee wa Unguja waliokua na santuri za Siti binti Saad wanaijua kazi ya namna hii. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mkono wa sheria ukawaangukia mashahidi. Kwa hiyo usikubali kaka yako akuambie kwamba Dylan aligundua kuimba kesi za mahakamani. Alichofanya ni kuifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi, kwa lugha yake, kwa kisa cha nchi yake.

Na hapo hapo kwenye wimbo ninaoupenda kuliko yote kuna doa. Wimbo unasema Zantzinger alishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, halafu unaruka moja kwa moja kwenye miezi sita. Haukuambii kwamba shtaka lilipunguzwa, wala kwamba mama alikuwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo, mambo ambayo mahakama iliyatazama. Jina la mtuhumiwa nalo limeandikwa kwa makosa, herufi moja imetoweka. Mimi bado naiona hukumu ile ni ya aibu hata ukiyajua hayo yote. Lakini mtu anayeimba habari ya kweli yenye majina ya watu wa kweli anadaiwa ukweli wote, na Dylan hakuwa mlipaji mzuri wa deni hilo. Mwaka 1976 alitoa albamu yenye wimbo wa kumtetea bondia Rubin Carter, mweusi aliyefungwa kwa mauaji ambayo hukumu yake ilikuja kufutwa mwaka 1985. Katika albamu hiyohiyo kuna wimbo wa dakika 11 unaomsifu jambazi wa New York kama shujaa.

Na katika albamu hiyohiyo kuna "Mozambique". Kaka yako labda hajakuambia habari ya huu.

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975. Wewe ni mdogo, lakini waulize wazee wa hapo nyumbani uhuru ule ulikuwa nini kwetu. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wapiganaji wake walifanyia mazoezi kwenye ardhi yetu, Kongwa na Nachingwea. Eduardo Mondlane, kiongozi wake, aliuawa kwa bomu la kwenye kifurushi Dar es Salaam, Februari 3, 1969. Sasa mwezi mmoja tu baada ya bendera kupanda Maputo, Dylan anaingia studio New York na kurekodi wimbo wa jina la nchi hiyo. Humo kuna jua, bahari, wasichana wazuri na kucheza dansi shavu kwa shavu. Vita havimo. Uhuru umeguswa kwa neno moja la kupita. Jacques Levy, aliyetunga naye, alieleza kwamba ulianza kama mchezo wa kuona maneno mangapi yanaweza kupata kina kimoja na jina la nchi. Nchi nzima, miaka kumi ya vita, ikawa mchezo wa vina. Mtu yuleyule aliyejua kwamba neno meza likirudiwa mara tatu linaweza kubeba maisha ya mtumishi, hapa hakusikia kitu. Mimi siupigi wimbo huo nyumbani kwangu.

Miaka kumi baadaye, Julai 13, 1985, kwenye tamasha la Live Aid lililokuwa la kuchangia wenye njaa Ethiopia, alisimama jukwaani Philadelphia akasema labda wangechukua sehemu kidogo ya pesa zile, milioni moja au mbili, kuwalipia madeni ya mashamba wakulima wa Marekani. Wakulima wale walikuwa na shida ya kweli, na maneno yake yalizaa tamasha lao wenyewe Septemba ya mwaka huo. Lakini siku ile haikuwa ya kusemea hayo. Mwaka huohuo alitia sauti yake kwenye wimbo wa wasanii wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, nalo nalisema kwa sababu ni haki yake. Usiniombe nikuambie kama anaijali Afrika. Nyimbo zake hazionyeshi kwamba alikuwa anatufikiria, na mimi sidai mtunzi wa Minnesota anifikirie. Nadai tu kwamba akitaja jina langu alitaje kwa uzito.

Sasa tuje kwenye lile zito zaidi, la kuchota.

Hapa kuna kuchota kwa aina mbili, na watu huwa wanazichanganya. Ya kwanza ni desturi ya nyimbo za jadi, ambapo tuni ni mali ya wote na kila mtunzi anaivika maneno mapya. "A Hard Rain's A-Gonna Fall" imesimama juu ya umbo la ngano ya kale ya Uskoti na Uingereza, ya mama anayemuuliza mwanawe alikuwa wapi. "Girl from the North Country" ina damu ya "Scarborough Fair", aliyofundishwa na mwimbaji Martin Carthy akiwa London. "Masters of War" ilitokana na wimbo wa jadi aliokuwa anauimba Jean Ritchie wa Kentucky. Kwetu hili halishangazi mtu. Ni taarabu ngapi zimevaa tuni za Misri na za filamu za Kihindi? Ni ngoma ngapi zina kiitikio kilichopita mikoa mitatu? Woody Guthrie mwenyewe alifanya hivyo maisha yake yote. Kumwita Dylan mwizi kwa ajili ya hili ni kutoielewa kazi aliyoingia.

Ila hata ndani ya desturi hiyo kuna jambo linaloniuma. Tuni ya "Blowin' in the Wind" imetoka kwenye "No More Auction Block", wimbo wa watu weusi waliokimbia utumwa, wanaosema hawatapandishwa tena kwenye jukwaa la mnada. Dylan alilikiri hilo waziwazi mwaka 1978, hakulificha. Odetta, mwimbaji mweusi ambaye Dylan anasema ndiye aliyemvuta kwenye nyimbo za jadi, alikuwa ameshaurekodi. Desturi inasema tuni ni ya wote. Sheria ya hatimiliki inasema wimbo mpya ni wa aliyetia sahihi. Kwa hiyo kilichokuwa cha wote kilipopita mikononi mwake kikawa na mwenyewe, na mwenyewe akalipwa. Desemba 2020 aliiuzia kampuni ya Universal haki za nyimbo zake zaidi ya 600, na vyombo vya habari vilikadiria bei kuwa zaidi ya dola milioni 300. Waliotunga ule wimbo wa mnada hawana majina. Hii si dhambi ya Dylan peke yake, ni namna biashara yote ya muziki ya Marekani ilivyojengwa, lakini yeye ndiye aliyefika mbali zaidi kwa njia hiyo na jina lake ndilo linalotajwa.

Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba "Blowin' in the Wind" ulirudi kwa wenyewe. Sam Cooke aliusikia, akauimba jukwaani, na waliokuwa karibu naye wamesimulia kwamba aliona haya kijana mweupe kutangulia kuandika kitu kama kile. Januari 1964 akarekodi "A Change Is Gonna Come". Ule wa Dylan, Staple Singers waliurekodi, na Stevie Wonder akaufikisha kwenye kumi bora mwaka 1966. Watu hawa walikuwa na masikio mazuri kuliko yangu na yako, na walikuwa na kila sababu ya kumpuuza.

Kuchota kwa aina ya pili sina utetezi nako. Katika albamu ya 2001 kuna mistari iliyofanana mno na sentensi za kitabu cha daktari wa Kijapani, Junichi Saga, kilichosimulia maisha ya jambazi mzee. Saga mwenyewe alisema amefurahi, na ni uungwana wake. Katika albamu ya 2006 kuna vipande vya Henry Timrod, mshairi wa karne ya 19 aliyeyaimbia majimbo ya kusini yaliyopigana kulinda utumwa. Hakuna aliyetajwa. Joni Mitchell, mtunzi ambaye mimi namweka sawa naye kabisa, mwaka 2010 alimwita mwizi wa maandishi bila kuzunguka. Dylan alipoulizwa alijibu kwa ukali kwamba kunukuu ni desturi ya nyimbo za jadi. Jibu hilo halinitoshi. Tuni ya jadi haina mwenyewe anayeweza kutajwa. Kitabu kina jina la mwandishi kwenye jalada.

Zogo la gitaa la umeme, alipoliacha gitaa la kawaida na wapenzi wa nyimbo za jadi wakamkasirikia, mmeliona kwenye filamu, sitalirudia. Julai 25, 1965 pale kwenye tamasha la nyimbo za jadi la Newport alizomewa, na mpaka leo waliokuwepo hawakubaliani kama walizomea umeme, vyombo vilivyosikika vibaya, au ufupi wa nyimbo tatu tu. Mei 17, 1966 mjini Manchester mtu mmoja alimwita Yuda mbele ya ukumbi mzima. Kwangu mabishano yale yamekwisha. Nyimbo alizorekodi kati ya 1965 na 1966 ndizo zilizowafanya watunzi wa roki duniani waone kwamba wimbo wa redioni unaweza kupita dakika sita na ukasema kitu. Waulize Wailers wa Jamaika, kundi la Bob Marley, ambao mwaka 1966 tayari walikuwa wameuchukua "Like a Rolling Stone" wakaufanya wao.

Nobeli sasa. Oktoba 13, 2016 nilikuwa nimekaa na redio kama wewe. Wachezesha kamari wa Uingereza walikuwa wamemweka Ngũgĩ wa Thiong'o juu kabisa, na sisi tunaozihangaikia lugha za Afrika tulikuwa tumejiandaa kusherehekea. Likatajwa jina la Dylan. Niliumia, na sitakudanganya kwamba niliumia kidogo. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliipata mwaka 2021 na tukafurahi, lakini Ngũgĩ alifariki Mei 2025 bila hiyo tuzo, na pengo hilo halizibiki.

Ila tafadhali tutenganishe madai mawili. Kusema Ngũgĩ alistahili ni jambo moja, nami nalisema. Kusema nyimbo si fasihi ni jambo lingine, na sisi ndio watu wa mwisho wanaopaswa kulisema. Muyaka bin Haji alitungia masikio ya Mombasa kabla hajafika kwenye kitabu chochote. Utenzi una mahadhi yake. Tunapomfundisha mtoto ushairi tunampigia makofi ya mizani. Rabindranath Tagore, aliyepewa tuzo hiyohiyo mwaka 1913, alitunga nyimbo kama elfu mbili, na watu wa Bengali wanaziimba hadi leo. Nilisikitika kuona waandishi wa kwetu wakikopa hoja ya maprofesa wa Ulaya kwamba fasihi ni kitu cha kusomwa kimya. Hoja hiyo ikishinda, inamtoa Dylan mlangoni, lakini inatutoa na sisi.

Tabia yake baada ya kutangazwa ilikuwa mbaya. Alikaa kimya kama wiki mbili, mpaka mjumbe mmoja wa Akademia ya Uswidi akasema hadharani kwamba ni mkosefu wa adabu na mwenye majivuno. Hakwenda kwenye sherehe ya Desemba 10. Mwimbaji Patti Smith aliimba "A Hard Rain" kwa niaba yake, akakwama katikati, akaomba radhi kwamba ana woga, akaanza tena. Ile dakika aliyokwama iliugusa ukumbi kuliko hotuba. Hotuba yenyewe Dylan aliitoa Juni 2017, muda wa kuitoa ukikaribia kuisha, na mwandishi mmoja wa Marekani akaonyesha kwamba sehemu iliyohusu riwaya ya Moby-Dick ina maneno yanayofanana na ya mtandao wa muhtasari wa wanafunzi. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempa sifuri.

Nikijumlisha, na kaka yako asikilize hapa: katika hizo nyimbo zaidi ya 600, mimi ningezipigania kama arobaini. Nyingi ni za 1963 hadi 1966, kundi la pili ni la albamu ya 1975 aliyoiimba ndoa yake ikivunjika, na kuna za uzeeni kuanzia 1997 ambazo sauti yake iliyokwisha kabisa ndiyo inayozibeba. Kuna albamu nzima za miaka ya themanini ambazo sizigusi. Kuna nyimbo za kuwasema wanawake ambazo ukali wake umepita haki. Lakini arobaini ni nyingi sana, mwanangu. Watunzi wengi wakubwa tunawakumbuka kwa kumi.

Fanyeni hivi. Keti na kaka yako jioni moja, simu ziwekwe mbali, mpige "Hattie Carroll" mara mbili. Mara ya kwanza fuateni maneno yakiwa mbele yenu. Mara ya pili maneno mwekeni kando. Kisha mpigeni Sam Cooke na wimbo wake ule wa 1964, mlinganishe, na wewe umwambie kaka yako ukweli juu ya sauti, kwa sababu hapo wewe ndiye mwenye haki.

Halafu malizieni na "Blind Willie McTell". Aliurekodi Mei 1983, yeye kwenye piano na Mark Knopfler kwenye gitaa, hakuna ngoma. Blind Willie McTell alikuwa mwimbaji wa bluzi wa Georgia, mweusi, kipofu, aliyefariki mwaka 1959. Dylan anapita kwenye mashamba yanayowaka, mijeledi, meli za watumwa, na kila ubeti unaishia kwenye kukiri kulekule, kwamba hakuna anayeweza kuimba bluzi kama mtu yule. Hata tuni imeegemea wimbo wa zamani wa bluzi. Ni deni lote nililokueleza hapo juu, limeimbwa na mdaiwa mwenyewe, kwa sauti ambayo wewe huipendi, inayojua kwamba haifikii inachokisifu. Aliufungia kabatini, haukuingia kwenye albamu ya mwaka ule, na haukutoka rasmi mpaka 1991. Usikilize, halafu niandikie kama bado unasikia pua.